Barua ya wazi kwa wanaotunga na kusimamia sheria za ushuru Kenya: tuonyesheni daftari la misamaha

Kwa Waziri wa Fedha,
na kwa Mwenyekiti na wanachama wa Kamati ya Fedha na Mipango ya Bunge la Kitaifa,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: NAFUU ZA USHURU KWA KAMPUNI KUBWA NA HAKI YA RAIA KUJUA NANI AMESAMEHEWA NINI

Nawaandikia kwa heshima inayostahili nyadhifa zenu. Mimi ni mwenye duka la rejareja huku Likoni, Kaunti ya Mombasa, na ushuru wa biashara yangu nimekuwa nikiulipa kwa wakati tangu siku nilipofungua duka. Siandiki kuomba nisamehewe. Naandika kwa sababu kwa muda wa mwaka mzima nimeuliza swali moja kwa njia ya kawaida, yaani kwa barua, na sijajibiwa: orodha ya waliosamehewa au kupunguziwa ushuru iko wapi, na raia ataisoma vipi? Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono katika ofisi moja ya umma, ambayo siitaji hapa kwa kuwa sitaki mjadala huu ugeuke kuwa wa karani aliyeipokea. Nakala yangu ikapigwa mhuri. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi kama langu. Siku hizo zilipita, nikaandika barua ya pili, kisha ya tatu. Nakala zote tatu ninazo, zote zina mihuri, lakini jibu sina, na ndiyo maana leo nauliza hadharani.

Msimamo wangu ni kwamba shilingi ambayo serikali imeamua kutoidai kwa kampuni ni shilingi ya umma iliyokwisha kutumika, sawa na ile iliyojenga darasa au kununua dawa za zahanati, na aliyeamua itumike hivyo anawajibika kuitolea hesabu kwa jina la aliyeipata, kiasi chake na faida iliyorudi kwa wananchi. Dukuduku zangu ni hizi.

1. Nafuu ya mwaka 2020 haikumfikia mnunuzi.

Tarehe 25 Machi 2020, wiki mbili hazijatimia tangu mgonjwa wa kwanza wa korona atangazwe nchini, Rais wa wakati huo, Mheshimiwa Uhuru Kenyatta, alitangaza nafuu kubwa ya ushuru. VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani ambao mnunuzi huulipa ndani ya bei, ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, ushuru wa faida za kampuni ukashuka kutoka asilimia 30 hadi 25, kiwango cha juu cha PAYE, yaani ushuru unaokatwa kwenye mshahara, nacho kikashuka vivyo hivyo, na waliokuwa wakipata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi wakaondolewa PAYE kabisa. Nafuu hiyo ya mwisho naishukuru hadi leo, kwa sababu ilionekana kwenye hati ya mshahara ya mlinzi na ya mhudumu wa hoteli bila kupitia mkononi mwa mtu mwingine yeyote, na viwango vingine viliporudishwa yeye aliachiwa nafuu yake.

Ile ya VAT ilipita dukani kwangu, na niliiona ikipita. Katoni ya sabuni ya mche niliyokuwa nikiinunua kwa shilingi 2,320, ambapo shilingi 320 zilikuwa VAT, ilipaswa kushuka hadi shilingi 2,280. Risiti niliyopewa baada ya sheria kubadilika ilisema shilingi 2,320. VAT ilikuwa imeandikwa sawasawa, asilimia 14 kama sheria ilivyotaka. Kilichopanda ni bei ya msingi, na ilipanda kwa kiasi kilekile ambacho serikali ilikuwa imekiacha. Tarehe 1 Januari 2021 VAT ikarudi asilimia 16, na mzigo wa kwanza nilioupokea mwaka huo ulikuwa wa shilingi 2,360 kwa katoni. Yaani ushuru uliposhuka bei ilibaki palepale, na uliporudi bei ilipanda nao, kwa hiyo mama anayeninunulia kipande cha sabuni alitoka katika nafuu ile akiwa analipa zaidi ya alivyokuwa akilipa kabla haijatangazwa. Shilingi 40 kwa katoni moja ni pesa kidogo. Kwa kila katoni laki moja ni shilingi milioni 4, na pesa hizo hazikukaa kwangu wala kwa mama huyo.

Hakuna sheria iliyovunjwa katika jambo hilo, na hilo ndilo linaloniumiza. Sheria ilipunguza kiwango bila kuweka sharti lolote kwamba bei nayo ishuke. Miaka imepita na mimi sijaona ripoti iliyowekwa mezani Bungeni ikieleza ni kiasi gani cha nafuu ile kilimfikia mnunuzi, kiasi gani kilibaki kwa wenye viwanda na wasambazaji, na ni kazi ngapi zilizookolewa na zile asilimia 5 za ushuru wa kampuni.

Huambiwa mara nyingi kwamba ushuru wa asilimia 30 unaua biashara kubwa. Mwaka 2021, kiwango hicho kikiwa kimerudi, faida ya benki ya Equity baada ya ushuru ilipanda kutoka shilingi bilioni 20.1 hadi bilioni 40.1, na ya KCB kutoka bilioni 19.6 hadi bilioni 34.2. Najua sababu kubwa ya kupanda huko ni kwamba benki zilipunguza fedha walizokuwa wametenga kwa ajili ya mikopo mibaya ya mwaka wa korona. Sidai kwamba ushuru ndio ulioleta faida. Ninachosema ni kwamba faida iliweza kukua hata mara mbili chini ya asilimia 30, na anayekuja kwenu kuomba apunguziwe kwa hoja kwamba atakufa anapaswa kuonyesha vitabu vyake.

2. Mwenye duka hukatwa kwenye mauzo, mwekezaji mkubwa hukatwa kwenye faida, tena kwa kiwango kidogo.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Unamhusu mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, hulipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na hutozwa kwenye mauzo yote bila kujali umepata au umepoteza. Nawaomba mfanye hesabu hii pamoja nami. Nikiuza bidhaa za shilingi 200,000 kwa mwezi, na katika sukari, mafuta ya kupikia na sabuni mimi hupata wastani wa asilimia 8 juu ya mauzo, basi faida yangu ghafi ni shilingi 16,000. Ushuru wa mauzo ni shilingi 6,000. Hiyo ni zaidi ya thuluthi moja ya faida, na bado sijalipa kodi ya chumba, umeme, leseni ya kaunti wala kijana anayenisaidia. Mwezi wa Ramadhani huwa mzuri. Mwezi wa kufungua shule, wateja wanapokopa, mimi hulipa ushuru wa pesa ambazo bado ziko kwenye daftari la madeni.

Kutoka dukani kwangu hadi eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu si mbali. Kampuni itakayofungua kazi humo italipa asilimia 10 ya faida yake kwa miaka 10 ya kwanza na asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata. Kiwanda cha EPZ, yaani kilicho katika eneo la kutengeneza bidhaa za kuuzwa nje, hakilipi ushuru wa faida kabisa kwa miaka 10, kisha hulipa asilimia 25 kwa miaka mingine 10. Na Sheria ya Fedha ya 2025 imeongeza mlango mwingine: kampuni iliyoidhinishwa na Kituo cha Kimataifa cha Fedha cha Nairobi, ikiwekeza angalau shilingi bilioni 3 katika miaka 3 ya kwanza, italipa asilimia 15 kwa miaka 10 na asilimia 20 kwa miaka 10 inayofuata. Wakati huo huo mwalimu anakatwa asilimia 30 ya kila shilingi anayopata juu ya 32,333 kwa mwezi, na katika mshahara wake wote anakatwa tena asilimia 1.5 ya nyumba na asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii.

Mnaweza kunijibu kwamba sheria inaniruhusu nitoke katika ushuru wa mauzo na kuchagua kulipa kwa faida kama kampuni. Ni kweli. Lakini atakayechagua hivyo ni lazima karibu kila gharama yake iwe na risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, la sivyo haihesabiwi, na mimi nanunua mkaa, nazi na mboga kwa watu ambao hawana hata meza ya kuandikia. Njia iliyo wazi kwenye karatasi tu, na ambayo sisi hatuwezi kuipita, msiihesabu kuwa ni nafuu.

Nisieleweke vibaya kuhusu Dongo Kundu. Vijana wa Likoni na Mtongwe wanahitaji kazi hizo kuliko ninavyoweza kueleza; wengi wao naandika majina yao kwenye daftari lilelile la madeni. Nataka viwanda vije. Nataka pia kujua, kiwanda kwa kiwanda, kimesamehewa kiasi gani na kimeajiri watu wangapi kwa mishahara ipi, ili siku kitakapokuja kuomba miaka mingine tuwe na cha kupimia.

3. Kinachosamehewa kinazidi kile mlichokitafuta kwa nguvu mwaka 2024.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kukusanya takriban shilingi bilioni 346. Mwanzoni ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Ulipitishwa tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, siku ile ile vijana walipopigwa risasi karibu na kuta za Bunge, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Sitaki kupita juu ya siku hiyo haraka. Kuna wazazi waliozika watoto waliokuwa wakiuliza jambo ninaloliuliza mimi katika barua hii, na walioulizwa bado wana wajibu wa kujibu hata kama mswada uliondolewa.

Ripoti ya Hazina yenyewe ilionyesha kwamba ushuru ulioachwa kwa njia ya misamaha na nafuu katika mwaka 2023 ulizidi shilingi bilioni 500. Ni haki niseme kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ni VAT, na ndani yake mna misamaha inayowagusa wanyonge, ikiwemo ya vyakula na dawa. Hiyo siombi iguswe. Lakini ripoti hiyo inapanga misamaha kwa aina za ushuru na kwa sekta. Haitaji kampuni hata moja. Msomaji anabaki na jumla kubwa ambayo ndani yake msamaha wa dawa ya mtoto na msamaha wa mwekezaji wa mabilioni vimechanganywa katika gunia moja, na kila mtu akitaka kulifungua huambiwa kwamba anataka kupandisha bei ya unga.

Katiba ilikwisha kulifungua gunia hilo. Kifungu cha 210 kinasema kwamba sheria ikiruhusu ushuru usamehewe, ni lazima pawe na rekodi ya umma ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na kila msamaha na sababu yake viripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Kifungu cha 201 kinaagiza mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki na fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi. Maneno yaliyotumika ni rekodi ya umma, na rekodi ya umma ni ile ambayo mwenye duka wa Likoni anaweza kuiona.

4. Anayetoa nafuu hayupo siku ya kuitolea hesabu.

Bunge hudumu miaka 5. Nafuu ya maeneo maalum na ya kituo cha fedha hudumu miaka 20. Mtoto aliyezaliwa Likoni mwaka uliopitishwa Sheria ya Fedha ya 2025 atamaliza shule ya msingi na ya upili, na pengine atakuwa ameanza kukatwa PAYE, kabla kampuni iliyopata nafuu mwaka huo haijalipa kiwango cha kawaida. Mabunge manne yatapita. Nani kati yenu atakuwepo kuulizwa?

Waheshimiwa, najua baadhi ya majibu, kwa kuwa nimeyasikia katika vikao vya ushirikishaji wa umma na katika hotuba za bajeti.

La kwanza ni kwamba wawekezaji watahamia nchi jirani. Utafiti wa mtaalamu wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2013 ulikusanya majibu ya wawekezaji wenyewe walipoulizwa kama wangewekeza hata bila nafuu ya ushuru. Rwanda, Uganda na Tanzania, zaidi ya asilimia 90 walisema wangewekeza. Kenya walikuwa asilimia 61. Kwa hiyo hata hapa kwetu, wengi wa waliopewa walipewa kwa jambo ambalo wangelifanya hata hivyo, na wale wengine wanahitaji kwanza umeme usiokatika na mizigo isiyokwama bandarini, mambo ambayo hujengwa kwa ushuru.

Tena pana jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Nchi nyingi sasa zinatoza ushuru usiopungua asilimia 15 kwa makundi ya kampuni za kimataifa yenye mapato ya kuanzia euro milioni 750 kwa mwaka, hivi kwamba kampuni ikilipa asilimia 10 Mombasa, nchi ya kampuni mama inaweza kuidai tofauti iliyobaki. Sisi tukisamehe, hazina ya nchi nyingine ndiyo inayokusanya. Bunge liliona hatari hiyo na mwezi Desemba 2024 likapitisha sheria ya kudai tofauti hiyo hapa nyumbani. Kwa hilo nawapongeza kwa dhati. Tuambieni basi ni kampuni ngapi zimeilipa na ni kiasi gani kimeingia.

La pili ni siri ya mlipa ushuru. Sitaki kujua mishahara ya wakurugenzi wala hesabu za ndani za mtu. Naomba jina, kiasi kilichosamehewa na sababu, mambo ambayo Katiba imeyaagiza, na hakuna sheria ya usiri iliyo juu ya Katiba. Mwanafunzi anayepata pesa za basari ya kaunti hubandikiwa jina lake ukutani kwa chifu kwa shilingi elfu chache, na hakuna aliyewahi kusema kwamba siri yake imevunjwa.

La tatu ni la wanasheria: kwamba kiwango cha asilimia 10 ni ushuru wa kisheria kama mwingine na hakiitwi msamaha. Sina elimu ya kubishana nao kuhusu jina. Hazina yenyewe imekuwa ikizihesabu nafuu hizi kuwa mapato yaliyoachwa, na kilichohesabiwa kwa jumla kinaweza kuhesabiwa kwa majina.

Na la nne ni kwamba mataifa makubwa yamefanya hivyo. Marekani mwaka 2017 ilishusha ushuru wa kampuni kutoka asilimia 35 hadi 21, na washauri wa uchumi wa Ikulu ya nchi hiyo wakaahidi kwamba kipato cha familia ya wastani kitapanda kwa dola 4,000 au zaidi kwa mwaka. Mwaka 2018 kampuni 500 kubwa za soko la hisa la huko zilitumia zaidi ya dola bilioni 800 kununua hisa zao wenyewe, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo, na wafanyakazi wakabaki wakiisubiri ahadi. Ikiwa huko, kwenye magazeti na mahakama zenye nguvu, ahadi haikufuatiliwa hadi ikatimia, hapa kwetu tunahitaji masharti yaliyoandikwa.

Ninachoomba ni hiki. Chapisheni rekodi ya Kifungu cha 210 katika tovuti ya Hazina na katika kila Kituo cha Huduma, ikiwa na jina la kila kampuni, sheria iliyotumika, kiasi kilichoachwa kila mwaka wa fedha na ajira zilizoahidiwa kando ya ajira zilizopatikana. Wekeni katika Mswada wa Fedha ujao kipengele kinacholazimu kila nafuu ipitiwe na Bunge kila baada ya miaka 3, na kinachoiondoa kwa kampuni iliyokosa kutimiza ahadi yake. Kila mbunge, waziri na katibu mwenye hisa katika kampuni inayonufaika atangaze kabla ya kura kupigwa, kama Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 inavyowataka maafisa wa umma watangaze maslahi yao. Ushuru wa mauzo urudishwe asilimia 1 hadi itakapopatikana njia ya kumtoza mwenye duka kwa faida bila kumdai risiti ya mkaa. Na VAT ikipunguzwa tena siku moja, sheria hiyohiyo itaje mamlaka itakayofuatilia bei na tarehe ya kuleta ripoti Bungeni.

Nitasubiri siku 21, kama sheria isemavyo. Zikipita bila jibu, nitawasilisha ombi rasmi Bungeni chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba, pamoja na nakala za barua zangu tatu na risiti za sabuni za 2020 na 2021. Wenye maduka wenzangu huku Likoni wamekwisha kuahidi kutia saini, na anayetaka kuongeza yake anakaribishwa.

Wenu mwaminifu,

Mfanyabiashara wa rejareja,
Likoni, Mombasa.

Nakala: Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Tume ya Haki ya Utawala.